Ruta ya Mama Hamidou

Kindu, Kasuku, tarehe 3 Machi 2025

Shemeji Masudi,

Salaam aleikum. Yaya yako Zuberi, kaka yako mukubwa, anakusalimia. Kifua chake kimetulia kidogo, ijapokuwa mume wangu huyu hakubali kuvaa shati nzito mvua ikinyesha. Sekretariati yangu ingali wazi: asubuhi napiga barua za watu ku ordinateri, kompyuta yangu ile, mchana natoa fotokopi kama kuran, umeme wa muji, iko. Tunaishi.

Nakuandikia kwa mukono wa Alain, motari anayebeba barua na pikipiki yake njia ya Punia, kwa sababu simu yako haipatikani tangu munara wenu wa Lubutu ukose mafuta. Ungepatikana ningelia kwa simu na kumaliza. Barua inanilazimisha kusema vizuri.

Unajua mutoto wangu Hamidou alikuwa Goma, anasoma. Siku muji ulipoanguka mikononi mwa waasi alinipigia. Alisema: "Mama, tunatoka na wenzangu. Tunashika njia ya Walikale, tushuke mpaka kwa baba mudogo, Lubutu." Baba mudogo njo wewe. Nikamuuliza kama ana viatu vizuri. Sauti ikakatika kabla hajajibu. Tangu pale, kimya.

Ku soko mama mmoja aliniambia kwamba vijana wanaopita ile njia wanakuta Wi-Fi ku parokia fulani ao kwa mashirika, wanaandika ujumbe mara moja, kisha wanaendelea kutembea. Mupwa wake aliandika hivyo. Ujumbe ulizunguka ku simu ya mama yule siku nyingi bila kufunguka, kwa sababu mu nyumba yake rezo, mutandao wa simu, haishiki. Ulipofunguka, kijana alikuwa anauliza: "Nielekee wapi?" Na pale alikuwa ameshaelekea.

Niliposikia vile nilitoa simu yangu pale pale. Simu yangu njo vile vile! Maneno mafupi yanaingia, picha na sauti havifunguki. Kwa hiyo nataka kuweka ruta, kile kisanduku cha Wi-Fi, mu nyumba. Nataka nyumba ikae wazi wakati wote, mutoto akibisha hodi akute kuna muntu.

Ku duka ziko ruta mbili. Moja nyeupe, ndogo, mupya, ina batri ndani. Ingine nyeusi, ya mitumba ya Dubai, ina matundu ya antene nyuma. Wewe unatengeneza simu na hivi vyombo tangu zamani. Niambie nichukue gani.

Na kila mwanafunzi anayepita kwenu, muulize. Sura yake unaijua.

Shemeji wako,
Mounira


Lubutu, tarehe 14 Machi 2025

Mama Hamidou,

Aleikum salaam. Barua yako nimeipata, Alain amesimama hapa mlangoni anangoja jibu.

Ile nyeupe uiache. Batri yake ya ndani itavimba na joto la Kindu, na haina mahali pa antene ya nje. Nyumba yenu imeezekwa bati na bati linazuia rezo, ndiyo sababu simu yako inahangaika. Ruta yenu iwe na vitu hivi. Kwanza matundu ya antene, ili upandishe antene kwenye mti juu ya paa na kuielekeza kwenye mnara. Pili itumie volti kumi na mbili, ili ipate nguvu moja kwa moja kwenye batri ya pano yenu ya jua, maana kuran ya mji mnaijua. Pia iwe na tundu la waya wa kuunga ordinateri.

Halafu igeuze chini usome karatasi iliyobandikwa. Utaona jina la aina, na mbele yake herufi V na namba. Hiyo namba ni muhimu kuliko jina. Ruta mbili zinaweza kufanana kama mapacha, rangi moja, taa zile zile, kumbe ndani ni viumbe viwili mbalimbali.

Tena kuna suala la programu. Kila ruta ina programu ndani yake inayoiamrisha. Ile inayotoka nayo kiwandani, au ile iliyowekwa na kampuni ya simu, ni rahisi kutumia, lakini mara nyingi imefungwa: inakubali SIM ya kampuni ile tu, na rezo ikianguka inalala hapo hapo mpaka mtu aichomoe na kuichomeka tena. Kuna programu nyingine, ya huru, inayoandikwa na watu wanaojitolea. Hiyo inafungua kila kitu. Rezo ikianguka, inajiamsha yenyewe. Lakini ili kuiingiza lazima ile ya kwanza ifutwe, na kama kuran itakatika katikati, au faili si ya ruta ile, kisanduku kinakuwa tofali.

Kwa hiyo usinunue sasa. Kuna mizigo itatoka Kisangani, nitakuchagulia mwenyewe kitu kizuri. Ngoja kidogo. Mambo haya hayataki haraka.

Juu ya kijana, watu wengi wanapita.

Msalimie yaya Zuberi. Avae shati nzito.

Masudi


Kindu, tarehe 29 Machi 2025

Shemeji,

Umeniandikia karatasi mbili juu ya antene, na mustari mmoja juu ya mutoto. Nimeusoma ule mustari mpaka karatasi imelegea. "Watu wengi wanapita." Wengi gani? Wa Goma? Umewauliza? Ao umechoka kwa kazi? Niambie tu, sitakasirika.

Sikungoja mizigo ya Kisangani. Nisamehe. Nilinunua ile nyeusi.

Zuberi alipanda juu ya nyumba na kifua chake kile, nikamshikia ngazi huku namtukana. Tumefunga antene ku muti murefu wa mwanzi. Ruta iko juu ya dirisha la sebule, inakula ku batri ya pano kama ulivyosema. Iliwaka, Masudi! Taa tatu zikawa kijani. Nilipiga vigelegele peke yangu kama kwenye arusi.

Lakini ni kama ulivyosema pia. Ina programu ya kampuni, inakubali SIM yao tu, na munara wao kwetu uko mbali, kule ngambo ya muto Lualaba. Rezo inaingia, inakaa muda wa kupika chai, inaanguka. Kisha inalala. Lazima nichomoe waya, nichomeke, ningoje. Nimekuwa mulezi wa kisanduku. Niko ku sekretariati, natoa fotokopi, nafikiri: sasa hivi imeanguka, sasa hivi njo anaandika. Nafunga mulango, narudi nyumbani mbio, wateja wananitazama. Munara wa kampuni ile ingine uko hapa hapa nyuma ya soko, unauona na macho. SIM yake nimeinunua. Ruta inaikataa.

Bernadette, jirani yangu wa mlango wa pili, naye sasa anakuja kukaa hapa na simu yake. Binti yake Jeannette alikwenda Bukavu kuchukua vitambaa vya kuuza, muji ukaanguka akiwa kule. Bernadette hajui kusoma, mimi njo namusomea. Tunakaa wawili tunaangalia taa.

Zuberi hataki tuguse programu. Alisema: "Kitu kinafanya kazi nusu, unataka kukivunja ili kifanye kazi yote?" Nikamwambia: "Nusu haitoshi, Baba Hamidou. Mutoto hawezi kupita ku nusu." 

Kule nyuma ya kituo cha gari-moshi kuna fundi anaitwa Kalume, anasema anaweza kuibadilisha. Mimi sipendi kumupa mugeni. Wewe unasemaje? Tuiache kama ilivyo, ao tuweke ile ya huru? Chini imeandikwa V4.

Mounira


Lubutu, tarehe 9 Aprili 2025

Mama Hamidou,

Usimpe Kalume. Simjui. Watu wanaharibu vyombo vya wenzao kisha wanasema vilikuwa vimeoza.

Tuweke programu ya huru. Nimefikiri sana, ni bora hivyo. Faili nitaipakua mwenyewe nikipata njia, nitaitia kwenye kle, ile flashi ya USB, na kumpa Alain. Hapa si rahisi, Wi-Fi ya shirika ni ya wakimbizi tu, sisi wenyeji tunafukuzwa. Kwa hiyo itachukua muda. Usiwe na wasiwasi kwa muda huo. Ikianguka, iache ianguke. Ulale. Ule. Sekretariati usiifunge.

(Ninaongeza mstari huu baada ya juma moja.) Faili nimeipata, imo ndani ya kle hii nyekundu. Fanya hivi. Fanya mchana, batri ikiwa imejaa jua. Unga ruta na ordinateri yako kwa waya, usitumie Wi-Fi. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta mahali pa kubadilisha programu, onyesha faili. Kama itakuandikia kwamba faili hailingani na chombo, usijali. Kuna kialama cha kulazimisha. Kitie, kisha ukubali. Halafu usiguse kitu chochote mpaka taa zitulie.

Kama haitakubali, basi Mungu hakupenda, na usijilaumu. Ruta ni plastiki tu.

Nimesikia Walikale vita imerudi. Njia inapitisha watu kidogo sasa.

Masudi


Kindu, tarehe 27 Aprili 2025

Shemeji Masudi,

Nimeiua.

Nilifanya kila kitu vile uliandika. Ilikuwa Ijumaa, Zuberi yuko musikitini, jua kali, batri imejaa. Niliunga waya. Nilionyesha faili. Iliniandikia kwa herufi nyekundu kwamba hailingani. Nikasoma barua yako tena, nikatia kialama, nikakubali. Mustari ulianza kutembea polepole. Bernadette alikaa kando yangu, mikono juu ya magoti. Mustari ukafika mwisho. Taa zote zikazima. Tukangoja. Taa moja ikawaka nyekundu, ikazima, ikawaka, ikazima. Basi. Mpaka leo inafanya vile. Ukurasa haufunguki, ordinateri haiioni kabisa.

Labda nilitikisa waya. Bernadette anasema sikutikisa. Mimi sijui tena. Labda kile kialama nilikitia vibaya. Nimerudia ile dakika mu kichwa changu mpaka sijui tena mukono wangu ulifanya nini.

Zuberi aliporudi nilimuonyesha. Alipanda kiti, akashusha ruta ku dirisha, akaipangusa vumbi na kanzu yake, akairudisha. Nilimwambia: "Sema. Nitukane." Akasema: "Nikutukane juu ya nini? Ulikuwa unafungua mulango." Kisha akaenda kulala bila kula, na kifua kimeanza tena.

Kuna jambo lingine silielewi. Anasema watu musikitini wanamushika mukono muda murefu. Wanamuuliza hali yake kisha hawangoji jibu. Na mimi, wateja wawili walikuja kutoa fotokopi, wakaniangalia, wakasema watarudi. Nafikiri wamesikia kwamba nimeharibu ruta, wananionea huruma. Kindu hii, hata kisanduku kikifa watu wanajua.

Mutoto alikuwa anabisha, mimi nikafunga mulango na mikono yangu miwili. Hicho njo kinaniua. Kama kuna dawa ya ruta kama hii, niambie. Kama hakuna, niambie pia.

Mounira


Lubutu, tarehe 6 Mei 2025

Mama Hamidou,

Si wewe. Nakuapia kwa Mungu si wewe. Mkono wako haukutikisika, kialama hukukosea. Ondoa jambo hilo kichwani.

Iache ruta. Usitafute fundi. Mwambie yaya Zuberi ale.

Nataka kuja Kindu. Nikipata moto, pikipiki ya kunibeba, nitakuja, tutakaa tuongee. Kuna mambo barua haiwezi kubeba.

Masudi


Kindu, tarehe 15 Mei 2025

Masudi,

Nilimpelekea Kalume.

Ni kijana mpole, hana maneno mengi. Alifungua ruta, akaunga nyaya zake, akaiangalia sana. Akaomba kle. Nikampa ile nyekundu. Akaniuliza: "Mama, faili hii ulipewa na nani?" Nikasema: na shemeji yangu, fundi mukubwa wa Lubutu. Akasema: "Faili hii ni ya V2. Ruta yako ni V4. Njo maana ilikataa. Ruta ilijitetea, mama, ninyi mukailazimisha."

Nikamwambia shemeji yangu amekosea. Kalume akatikisa kichwa. Akasema: "Yule aliyekuandikia habari ya kulazimisha alijua itakataa."

Nimerudi nyumbani, nimetandika barua zako zote juu ya kitanda. Wewe njo uliniambia nisome karatasi ya chini. Wewe njo uliandika namba ni muhimu kuliko jina. Mimi nilikuandikia V4, kwa mukono wangu. Usinunue, ngoja. Usimpe fundi, ngoja. Iache ianguke. Mu barua zote hizi, Masudi, jina la mwanangu hukuliandika hata mara moja peke yake. Unaandika "Mama Hamidou" kwa sababu njo jina langu, kisha unapita mbali.

Sikuulizi tena juu ya ruta.

Hamidou yuko wapi?

Mounira


Lubutu, tarehe 22 Mei 2025

Mounira,

Hamidou alikufa Obokote, kijiji cha njia ya Walikale. Nimemzika mwenyewe.

Alipigwa risasi ya paja kabla ya kufika Walikale. Walikuwa wengi njiani, walisikia milio msituni, wakakimbia, hakuna aliyejua nani alipiga. Rafiki yake Blanchard alimbeba mgongoni, kisha wakapata baiskeli ya kubebea mihogo, wakamlaza juu yake. Walipofika Obokote kidonda kilikuwa kimeoza. Wakulima wa pale waliwapokea, wakampa kitanda, wakamtuma mtu kwangu: kuna kijana hapa anaita jina lako. Nilichukua dawa zote nilizopata dukani, nikaenda na moto.

Nilimkuta hai. Alinitambua. Aliniambia: "Baba mdogo, mama atakasirika. Ordinateri niliiacha Masisi, ilikuwa nzito." Nikamwambia mama hatakasirika. Akasema: "Wewe humjui." Akacheka kidogo. Tulimfunga nyuma yangu kwenye moto ili nimpeleke hospitali. Kabla hatujatoka kijijini nilisikia kichwa chake kimekuwa kizito begani mwangu.

Tulimuosha, mimi na mwalimu mmoja Mwislamu aliyekuwa anakimbia naye. Alivishwa sanda. Aliswaliwa. Kaburi lake liko upande wa juu wa kijiji, wenye shamba wamelizungushia miti. Hakutupwa, Mounira. Hilo ulijue.

Barua yako ya kwanza ilinikuta nimetoka huko, udongo ungali kwenye viatu. Ulimuuliza kama ana viatu vizuri. Nilisoma hapo, Alain amesimama mlangoni anangoja. Ulikuwa umeuliza juu ya ruta. Nikajibu juu ya ruta. Nilisema moyoni, barua ijayo nitamwambia. Kisha barua ijayo ilikuja na ulikuwa umepiga vigelegele.

Blanchard alifika Kisangani. Alinitumia habari kwa barua kwamba ameweka picha ya Hamidou na maneno ya rambirambi katika kikundi cha wanafunzi wa Maniema, anawatafuta wazazi wake. Wewe uliniandikia kwamba simu yako haifungui picha. Nikajua siku ruta itakaposhika vizuri, utauona uso wake hapo, peke yako, na Bernadette kando yako akikuuliza umeona nini. Nikatafuta faili ya V2.

Sikutaka ujione wewe ndiye muuaji. Hilo sikulifikiri. Nilifikiri utasema ni bahati mbaya, utaichoka, utaiacha, na mimi nitakuja na miguu yangu kukuambia. Nilishindwa kupanda moto. Mara tatu nilifunga mfuko, nikaufungua.

Sina neno lingine.

Masudi


Kindu, tarehe 5 Juni 2025

Kwa Masudi,

Mimi ni baba yake. Wewe ni ndugu yangu, tumbo moja, ziwa moja. Hukuniandikia mimi hata siku moja.

Kumbe wale wa musikitini walijua, watoto wao walikuwa wameiona picha. Walinishika mikono miezi yote, mimi nikadhani wananipa pole ya kifua. Muji muzima ulikuwa mu matanga ya mwanangu, sisi wenyewe tuliachwa nje.

Hitma tumesoma. Mama yake alikaa chini siku zote zilizopangwa, hakulia. Tangu siku ile analia akisikia moto ikisimama.

Kwa kumuosha na kumuswalia, Mungu akulipe. Kwa hayo mengine, usituandikie kwa sasa.

Zuberi


Kindu, tarehe 18 Agosti 2025

Masudi,

Zuberi hajui kama ninakuandikia.

Kalume aliifufua ruta. Aliifungua, akairudishia kwanza programu ya kiwandani, ikaamka. Kisha akaniuliza kama tuishie pale ao aweke ile ya huru, faili ya kweli. Nilimwambia afanye anavyotaka, mimi sina tena wa kungoja. Akaweka ile ya huru. Sasa inakubali SIM ya munara wa nyuma ya soko, na ikianguka inajiamsha yenyewe. Haianguki ovyo tena. Inafanya kazi vizuri kabisa. Ningeweza kuipiga na jiwe.

Nilitaka kuitoa ku dirisha. Lakini wamama walikuwa wameshajua. Kwanza Bernadette, kisha dada yake, kisha wamama wa ngambo ambao hata siwajui, wana watoto Bukavu, Uvira, Masisi. Wanakuja na simu zao, wanakaa ku ngazi, ku baraza, mu sebule juu ya mukeka. Hawapigi kelele. Wananiletea mihogo, ndizi, wanafagia kiwanja changu bila kuulizwa. Nitawafukuza na neno gani? Nawasomea wasiojua kusoma. Wengi hawapati kitu. Mmoja alipata. Mutoto wake yuko Burundi, mu kambi, alituma sauti. Aliangukia shingo yangu akilia kwa furaha, na mimi nilifurahi naye, kweli nilifurahi, kisha nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa chini pale kuku wanalala.

Juzi simu ya Bernadette ililia. Akanipa kama kawaida. Ilikuwa namba ya mama mmoja muuza vitambaa wa Bukavu. Aliandika kwamba amemutafuta mama ya Jeannette muda murefu. Aliandika siku gani na mahali gani. Aliandika kwamba walimuzika na wengine, pamoja, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kufanya mmoja mmoja.

Bernadette alikuwa anatafuna karanga. Akaniuliza: "Inasema nini?"

Nikasema: "Rezo imekatika."

Akaangalia ku dirisha. Akasema: "Lakini taa iko kijani, Mama Hamidou."

Nikasimama, nikanyosha mukono, nikachomoa waya. Wamama wote mu sebule wakainua macho. Nikasema: "Imekatika. Batri imechoka. Mrudi kesho."

Kesho yake niliichomoa tena, kabla hawajafika. Leo pia. Wamekaa tu ku ngazi na simu zao mukononi, wana uvumilivu ambao siwezi kuutazama, na wote wameshindwa kusikia watoto wao kwa sababu yangu. Ule ujumbe nimeufuta ku simu ya Bernadette. Nimeufuta, Masudi, kwa kidole changu. Sasa uko mu kichwa changu tu.

Sijakusamehe. Nilitaka ujue hilo. Ulinipa miezi ya matumaini ambayo hayakuwa yangu, na ukaniacha nijione ninamufungia mulango mutoto aliyekuwa ameshazikwa. Sijui kama nitakusamehe.

Lakini hakuna muntu mwingine ninayeweza kumuuliza. Wewe ulikuwa na karatasi, ulikuwa na Alain, ulikuwa na msitu muzima kati yetu. Mimi sina. Yeye hajui kusoma, itabidi nimwambie kwa mudomo, nikimutazama, na jibu lako halitafika kabla hajaniuliza tena. Hata sasa naandika namusikia ku baraza, anawaambia wenzake batri za siku hizi si nzuri, anawaambia wasinisumbue, mimi ni muntu wa matanga.

Muntu anaanza na neno gani?

Mounira